Je, lazima tuhamie Kinshasa? Jibu kwa vijana wanne wa Katuba

Swali: "Yaya, jambo. Tuko vijana wanne wa Katuba, hapa Lubumbashi. Tunapiga panki kali, ile ya mbio wanayoiita hadikoo. Nyimbo zetu nyingi hazifiki hata dakika mbili. Watu wanatuambia huo ni muziki wa wazungu, na kwamba tukitaka kufika mahali tuhamie Kinshasa. Mwenzetu wa gita anakwenda chuo mwezi wa Oktoba, mbali na hapa. Tumesoma kwamba bendi ya Minor Threat ya Marekani ilidumu miaka mitatu tu na bado inasikilizwa kila mahali. Iliwezekanaje? Na sisi tukibaki Lubumbashi tutafika wapi?"

Jibu:

Wadogo zangu, jambo, na asante kwa barua.

Kwa kifupi: msihamie Kinshasa kwa ajili ya muziki huu, na Oktoba isiwakute hamjarekodi. Kwa urefu, itabidi nieleze kwanza Minor Threat walifanya nini hasa, kwa sababu habari zao hutufikia nusu. Watu husimulia makelele, hasira, na ile miaka mitatu. Kilichowafanya wasikike mpaka leo hakisimuliwi sana, nacho ndicho mnachoweza kukifanya hapo hapo Katuba.

Washington ni mji wa serikali. Mwaka 1980 makampuni makubwa ya muziki ya Marekani yalikuwa New York na Los Angeles, na kijana wa Washington mwenye gita alikuwa pembeni kama mlivyo ninyi leo. Ian MacKaye na Jeff Nelson walikuwa vijana wa miaka 18 hivi, waliojuana shuleni. Kabla ya Minor Threat walikuwa na bendi iliyoitwa Teen Idles, MacKaye akipiga besi na Nelson akipiga batri, yaani ngoma. Ilidumu kama mwaka mmoja, ikavunjika Novemba 1980. Ilipovunjika kulikuwa na pesa za maonyesho ambazo hawakuwa wamezigawana tangu mwanzo. Hazikuwa nyingi, dola mia kadhaa tu.

Hapo naomba mtulie. Bendi imekufa, watu wanne, pesa kidogo mezani. Sote tunajua bendi za hapa huishiaje zikifika hatua hiyo: huyu anadai ampli, yule anadai nauli za mwaka mzima, na kabla ya mwezi kwisha hawasalimiani. Wao walikuwa tayari wamerekodi nyimbo nane. Wakakubaliana pesa ile yote itoe rekodi ya bendi ambayo haipo tena, nakala 1,000, na ili kuitoa wakaanzisha lebo yao wenyewe, Dischord, MacKaye na Nelson pamoja na Nathan Strejcek aliyekuwa mwimbaji wao. Rekodi ya kwanza ya lebo hiyo, ambayo ipo hadi leo, ilikuwa ya marehemu. Mimi naona kila kilichofuata kilitoka katika uamuzi huo mmoja.

Majalada waliyatengeneza nyumbani. Walichukua jalada la santuri ndogo iliyotoka Uingereza, wakalibandua penye gundi mpaka likafunguka kuwa karatasi moja bapa, wakachora umbo lake. Halafu wakachapisha karatasi zao kwa umbo hilo, wakakaa na marafiki wakikata kwa mikasi, wakikunja mbawa za pembeni, wakipaka gundi na kuingiza santuri, moja baada ya nyingine. Walifanya hivyo kwa rekodi zao za mwanzo, na jumla yake ni maelfu ya majalada yaliyopita mikononi mwa watoto wa shule. Nawaeleza hivi kwa sababu najua mkisikia neno "lebo" mnaona ofisi, mlinzi na gari. Lebo ile ilikuwa mikasi na gundi. Mafundi wa fotokopi walioko karibu na chuo kikuu chetu wanaweza kuwachapia jalada kama lile kesho asubuhi.

Minor Threat yenyewe ilipanda jukwaani mara ya kwanza Desemba 1980. MacKaye aliacha besi akashika mikro, Nelson akabaki kwenye batri, Lyle Preslar akapiga gita, na besi akapewa Brian Baker, mtoto wa miaka 15. Aprili 1981 waliingia studio ya Inner Ear. Studio hiyo isiwatishe: wakati huo ilikuwa nyumba ya familia ya fundi Don Zientara, huko Arlington, ng'ambo ya mto Potomac, na bendi ilipiga kwenye chumba cha chini ya nyumba. Walirekodi nyimbo nane. Ukizisikiliza zote mfululizo hazifiki dakika kumi.

Nimefanya kazi ya sono, yaani vyombo vya sauti, na kurekodi hapa Lubumbashi muda mrefu, na kinachoua kazi yangu kuliko kingine chochote ni umeme kukatika. Bendi ya rumba ikija na wimbo wa dakika nane, gita tatu, sebene ndefu na waimbaji watano, umeme ukikatika kwenye dakika ya saba wanaanza upya, na mara nyingi giza linaingia wimbo mmoja haujakamilika. Wimbo wenu wa sekunde sabini ukikatika, mmepoteza sekunde sabini. Bendi iliyofanya mazoezi sawasawa, ikipata saa mbili za umeme, inaweza kumaliza rekodi nzima. Wanaosema muziki huu haufai mji wetu hawajapiga hesabu hiyo.

Sasa tuje kwenye ukumbi, maana hapo ndipo bendi nyingi za hapa zinapokwama.

Kiangazi cha 1980 Teen Idles walisafiri mpaka California. Kule San Francisco, klabu ya Mabuhay Gardens ilikuwa na shida ambayo hata sisi tunaijua: ukumbi unauza pombe, vijana hawajafika umri. Suluhisho lao lilikuwa alama ya X nyeusi nyuma ya mkono wa kila mwenye umri mdogo. Aingie, asikilize, na mhudumu akiona X asimuuzie. Waliporudi nyumbani walilipeleka wazo hilo kwa wenye kumbi za Washington, wakafunguliwa milango. Baadaye MacKaye alitunga wimbo wa sekunde 46 kuhusu maisha yake bila ulevi wala dawa, na ile X ikageuka ishara ya vijana duniani kote wanaoishi hivyo. Wengi wanaijua kama ishara ya msimamo. Mwanzoni lilikuwa jibu la swali la mlangoni: mashabiki wetu wataingiaje?

Hilo ni swali lenu. Hapa bendi hupiga baa na terasi, na mwenye baa anailipa bendi kutokana na bia inayouzwa. Mkienda huko mtawapigia watu waliokuja kunywa Simba na Tembo na kusikia nyimbo wanazozijua, huku wanaotaka kuwasikia ninyi, wa miaka 15 na 16, wako nje ya ukuta. Mwenye baa atakasirika, na ana haki yake. Nendeni kwa padri au mchungaji mwenye ukumbi, au kwa mkuu wa shule, mwombe Jumamosi saa nane mchana. Mkubaliane naye mambo matatu kwa maandishi: hakuna pombe, mnamaliza kabla ya giza, na ninyi ndio mtakaofagia. Saa hizo wasichana wanaruhusiwa nyumbani, na usafiri wa kurudi Ruashi au Kampemba bado upo. Alikeni bendi nyingine nne, za aina yoyote, mchangie kukodi sono. Kila bendi dakika ishirini. Kiingilio kiwe ambacho mwanafunzi anaweza kutoa bila kumwomba baba.

MacKaye hakuacha kamwe habari hiyo ya kiingilio. Bendi yake ya baadaye, Fugazi, iliyoanza 1987, ilisifika kwa maonyesho ya dola tano hivi yaliyo wazi kwa watu wa umri wote, hata ilipokuwa inajaza kumbi kubwa. Si kwamba hawakuweza kutoza zaidi. Walijua ni nani aliyewabeba tangu mwanzo.

Kuhusu mwenzenu wa gita, sikilizeni hili. Mwishoni mwa 1981 Preslar alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, na Minor Threat ikasimama. Bendi iliyokuwa imetoa rekodi mbili ndani ya mwaka ule haikuwepo tena. Mwaka uliofuata, 1982, aliacha masomo wakarudi pamoja. Siwaambii hivyo ili mwenzenu aache chuo. Aende, asome, na mzazi wake asije akasikia kwamba mimi ndiye niliyemrudisha. Nawaambia ili mwone kwamba katika miezi ile ya ukimya rekodi ziliendelea kutembea. Mtu wa mji mwingine aliyezinunua hakujua kama bendi ipo au imevunjika. Kama wangengoja mpaka wawe tayari, mpaka wapate vyombo bora, mpaka wote wawe mjini, tusingekuwa na la kuzungumza leo.

Mengine ya safari yao nitayapita haraka. Steve Hansgen alikuja kupiga besi na Baker akahamia gita la pili. Mwaka 1983 wakatoa "Out of Step". Ndani ya bendi wengine walianza kutaka muziki mwingine, MacKaye hakutaka, na mazoezi yakawa ugomvi. Onyesho la mwisho lilikuwa tarehe 23 Septemba 1983, Washington. Desemba, wakiwa wameshaachana, waliingia studio wakarekodi nyimbo tatu zilizobaki, zikatoka 1985. Kazi yote ya bendi hiyo imekusanywa kwenye diski moja: nyimbo 26, dakika 47. Ni kama urefu wa kipindi kimoja cha mpira, na imetosha.

Ila lile onyesho la mwisho lina jambo ninalolipenda sana. Katika bango moja na Minor Threat walikuwepo Big Boys kutoka Texas na Trouble Funk. Trouble Funk walikuwa wakipiga go-go, ngoma ya Waamerika weusi wa Washington, muziki wa mji ule hasa, wenye ngoma zisizokoma na watu kuitikiana. Vijana wa panki hawakuwaalika wenzao wa panki peke yao. Waliwaalika majirani. Nitalirudia hili nikifika kwenye karindula, muziki wa mitaa yetu.

Kwa hiyo iliwezekanaje? Kwa maoni yangu, kwa sababu kanda zilikuwa mikononi mwao. Hakuna kampuni iliyofunga rekodi kabatini au kuuza haki zao kwa kampuni nyingine. MacKaye na Nelson waliendelea na Dischord baada ya Minor Threat kufa, wakatoa bendi za mji wao tu, bei chini, na rekodi za zamani hazikuachwa zikapotea sokoni. Aliyezaliwa mwaka bendi ilipovunjika alizikuta dukani, na mwanawe amezikuta kwenye simu. Mwaka 2005 kampuni ya viatu ya Nike ilinakili jalada lao la kwanza kwa tangazo la ziara ya skeiti. Kelele zilipopigwa, Nike iliomba radhi na kuliondoa. Bendi ilikuwa na miaka zaidi ya ishirini tangu ivunjike na bado ilikuwa na mwenyewe wa kuisemea.

Dischord ilijulikana pia kwa kutoandikiana mikataba na bendi: gharama zinarudishwa, faida inagawanywa, neno linatosha. Hapo mimi simfuati MacKaye. Wao walikuwa marafiki wa mji mmoja, wengine wakiishi na kufanya kazi katika nyumba moja. Kwetu faili linatoka kwenye simu ya huyu kwenda kwa yule, kesho liko mtandaoni kwa jina la mtu ambaye hakuwa hata mazoezini, na mnaanza kutafuta shahidi. Andikeni ukurasa mmoja: nani ametunga nini, nani anashika faili asilia, pesa ikiingia inagawanywaje, na anayeondoka anabaki na haki gani. Mwenzenu wa gita asaini kabla hajapanda basi.

Kuna wimbo wao mmoja ambao sitaki muuchukue kama mfano. MacKaye alisoma katika shule yenye wanafunzi weusi wengi, na akiwa kijana aliandika wimbo wa dakika moja na ushee kuhusu kulaumiwa kwa sababu ya ngozi yake nyeupe. Ameeleza mara nyingi kwamba alikusudia kupinga ubaguzi. Lakini wabaguzi waliusikia walivyotaka, wakaufanya wao. Wimbo wa dakika moja hauna nafasi ya kufafanua. Ninyi mko Katanga, ambako mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao, wakalala stesheni wakingoja treni, na wako wazee wa mitaa yenu wanaokumbuka majina. Imbeni kuhusu umeme, mabosi wa migodi, polisi wa barabarani, mapenzi, chochote. Mstari ukigusa kabila la mtu, usomeeni mtu wa upande ule kabla ya kuupigia batri.

Sasa hao wanaowaambia ni muziki wa wazungu. Wajibuni kwa Bad Brains.

Minor Threat walipanda jukwaani mara ya kwanza kuwafungulia Bad Brains, na katika mji ule hapakuwa na waliopiga kwa kasi na ufundi kama wao. Walikuwa Waamerika weusi wanne: Paul Hudson anayejulikana kama H.R. kwenye mikro, mdogo wake Earl kwenye batri, Gary Miller aitwaye Dr. Know kwenye gita, na Darryl Jenifer kwenye besi. Walianza katikati ya miaka ya 1970 wakipiga jazi ya kisasa, ndiyo maana vidole vyao vilikuwa tayari. Waliposikia panki, waliipiga kwa kasi ambayo wengi hawakuwahi kuisikia, na katikati ya onyesho wakashusha mwendo wakapiga rege, maana walikuwa wameingia katika imani ya Rastafari. Singo yao ya 1980 ina dakika moja na nusu hivi, na watu wengi wa fani hii huitaja miongoni mwa misingi ya hadikoo. Muziki huu una damu ya weusi tangu mwanzo wake, kama ilivyo rokenroli yenyewe.

Bad Brains ndio waliohama. Washington kumbi zilikuwa zikiwafungia milango, hata wakatunga wimbo kuhusu kufungiwa huko, na mwaka 1981 wakahamia New York. Februari 1982 kampuni ndogo iitwayo ROIR ikatoa albamu yao ya kwanza, kwa kaseti tu, bila santuri. Kaseti ile ilinakiliwa mkono kwa mkono ikafika mbali. Kwa hiyo sisemi kuhama ni kosa. Walihama wakiwa wakali tayari, baada ya mji wao kuwafungia, wakaenda penye watu waliokuwa wakiwangoja. Lakini maisha yao yalikuwa ya kupanda na kushuka, mwimbaji akitoka na kurudi, rekodi zao zikitawanyika kwenye lebo moja baada ya nyingine. Kwa kipaji, nawaweka juu ya Minor Threat bila kusita. Kwa kulinda kazi yao, hapana.

Ninyi Kinshasa nani anawangoja? Kinshasa ni mji mkubwa wa muziki, nauheshimu, lakini njia yake imechongwa na rumba na ndombolo: bendi kubwa, wafadhili wa kutajwa majina ndani ya nyimbo, televisheni, matamasha ya Ulaya. Mtafika pale bila ndugu, bila ukumbi, mkilipia nyumba. Ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na barabara mnaijua. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni kama kilomita 90.

Lubumbashi haijawahi kutazama Kinshasa peke yake. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitoka kusini. Mwenda Jean Bosco, gita lile ambalo wapigaji wa dunia nzima bado wanajifunza, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, na rekodi zake zilitolewa na Gallotone ya Afrika Kusini. Aliimba Kiswahili. Nairobi walimjua. Ukubwa wake haukupitia Kinshasa.

Ng'ambo ya mpaka, Kitwe, mji wa shaba kama wetu, mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa Zambia walipiga roki yenye gita za kuunguruma ambayo leo inaitwa Zamrock. Bendi ya WITCH, na mwimbaji wake Emanuel Chanda aliyeitwa Jagari, ilijitolea albamu yake ya kwanza, ikaiuza kwenye maonyesho. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya muongo ule, nchi ikaumia na muziki ule ukazimika. Chanda akaishia kuchimba mawe ya thamani. Miaka arobaini baadaye santuri zile zilichapishwa upya, naye akaitwa kupiga Ulaya na Marekani akiwa mtu mzima. Zingekuwa hazikurekodiwa, wangebaki habari za wazee wa Kitwe.

Karibu nasi zaidi, Nairobi imelea bendi za metali kwa miaka, na mwaka 2020 wawili wa huko walioitwa Duma walitoa albamu ya makelele makali kuliko yenu, iliyorekodiwa Kampala na kutolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda. Njia ya kusini na mashariki ipo. Ndola, Kitwe, Lusaka, Nairobi, Kampala: andikieni watu wa huko kabla ya kuota Paris.

Na karindula. Mmekulia Katuba, mnaijua: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi imekazwa juu yake, shingo ndefu ya mbao, nyuzi nne. Ukisimama mbele ya karindula kubwa unahisi besi tumboni kabla hujaisikia masikioni. Wapigaji ni vijana wa mitaa kama yenu, ala wanatengeneza wenyewe, mwendo ni wa kasi, watu wanaitikiana, vumbi linapanda. Mwaka 2011 lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa rekodi ya bendi za karindula zilizorekodiwa hapa hapa Lubumbashi. Hao ndio Trouble Funk wenu. Kabla ya kutafuta bendi ya panki ya kushirikiana nayo, waendeeni wa karindula, muwape nusu ya muda na nusu ya pesa ya mlango. Mashabiki wao watawaona ninyi, na mpiga batri wenu atajifunza jambo.

Tumalizie na Oktoba.

Chagueni nyimbo nane mnazoweza kuzipiga bila kusimama. Tafuteni nyumba ya matofali, chumba kisicho na vioo vingi, muombe magodoro matatu. Pigeni wote kwa pamoja. Muziki huu ukirekodiwa chombo kimoja kimoja unakuwa mchovu. Batri haihitaji mikro nyingi: moja kwenye ngoma kubwa ya mguu, moja kwenye ile ndogo yenye nyaya chini, moja juu ya kichwa cha mpigaji. Besi iingie moja kwa moja kwenye tebo, ile meza ya kuchanganyia sauti. Ampli ya gita iwekwe korido au chumba cha pili, godoro mbele yake, mlango ufungwe kiasi. Sauti muimbe mwisho, siku nyingine mkipenda, hata kwa betri. Kompyuta na tebo vipite kwenye stabilizeta. Umeme wetu ukirudi baada ya kukatika hurudi na nguvu za kuunguza. Kila wimbo ukiisha, hifadhini kabla ya kusikiliza. Msirudie wimbo zaidi ya mara tatu. Ukikataa, rukeni, mtaurudia mwisho.

Imbeni Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kile kile mnachogombania nacho pale kituo cha taksi.

Faili likae sehemu tatu: kwa mmoja wenu, kwa mtu mzima msiyeishi naye, na kwenye diski ambayo mwenzenu ataondoka nayo. Kwanza tengenezeni kadi za kumbukumbu za simu au vijiti vichache vya USB vyenye nyimbo nane, na jalada la fotokopi mlilolikata wenyewe, mwuze mlangoni. Mtandaoni muweke baadaye, kwa jina la bendi.

Mkishapata ukumbi, niandikieni siku na saa. Tebo ninayo, na mikro tatu za batri. Ninyi mtafute stabilizeta na magodoro, na mnilipie taksi ya kubeba vyombo kwenda na kurudi.